Boti Iliyorudi Bila Dizeli

Wiki iliyopita mliniacha pabaya, wasomaji wangu, na baadhi yenu mmenitumia pole. Asanteni. Wengine mmenitumia vicheko. Nanyi pia asanteni, ila Mungu anawaona.

Kwa anayefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi. Aibu yangu ni ndefu na nafasi niliyopewa ni ndogo.

Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi. Boti si yangu, ni ya mama mkwe. Mama mkwe ana boti mbili na mabinti wawili. Nahodha wa boti ya kwanza kamwoa binti mkubwa, mimi wa boti ya pili nikamwoa mdogo. Kwa hiyo mimi na yule bwana ni wanyumba, tunaitana mwanyumba, tunacheka pamoja kwenye harusi, na baharini kila mmoja anaombea nyavu za mwenzake zitoke tupu.

Mama mkwe alikwenda semina ya wenye vyombo vya baharini. Akarudi na mtaalamu, dada mmoja mpole asiyepandisha sauti, na masanduku ya mitambo. Kila boti ikafungiwa skrini kwenye chumba cha usukani, kipimo kwenye bomba la dizeli, na kamera juu ya meza ya kuchambulia samaki. Skrini inakuambia upite wapi ili mkondo ukubebe, na uende kwa kasi gani ili usichome mafuta bure. Kamera ikiona samaki wachanga wamezidi, inakuambia toa wavu, hama. Mwisho wa safari unapewa majani ya kijani. Ukifanya vizuri kabisa unapata matano.

"Samaki wamekwenda mbali," mama mkwe alituambia, "na sisi tunawafuata kwa moshi. Kila mwaka mbali zaidi, kila mwaka wadogo zaidi. Mimi nina wajukuu. Watakula nini, moshi?"

Hapo hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa maneno yaliyofuata.

"Boti hizi mbili kuukuu nitaziuza chuma chakavu. Ninaleta moja mpya, ya dizeli na betri. Mwenye majani mengi ndiye nahodha wake."

"Na mwingine, mama?" nikauliza.

"Mwingine atakuwa msaidizi wa mwenzake."

Hebu fikirieni. Mimi, kumbebea mwanyumba wangu chai!

Kulikuwa na jambo jingine. Mtambo ule unaongea. Mtaalamu alimuuliza mama mkwe anataka sauti gani, ya kike au ya kiume. Mama mkwe akasema, "Sauti ya mtu baki ya nini, na mimi nipo?" Akakaa na simu sebuleni, akarekodi mwenyewe.

Tangu siku hiyo ninaendesha boti na mama mkwe kichwani. Nikiongeza kasi kidogo, skrini inasema, "Punguza, baba. Mafuta hayo." Nikipinda vibaya, inasema, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Mabaharia wangu, watu waliozoea kutukana mpaka mawimbi, wakawa wapole kama wako msibani. Fundi wa injini kila akiingia anaivulia kofia skrini na kusema shikamoo.

Majani yangu yalikuwa mawili, tena yamenyauka. Mwanyumba ana manne. Ndipo nikagundua kwamba boti nyepesi hunywa kidogo, na kwamba kitu kizito kuliko vyote kwenye boti ni dizeli yenyewe. Nikatoka na tangi lenye mafuta ya kulowanisha tu.

Mliniacha katikati ya bahari, injini imekohoa mara ya mwisho na kunyamaza, na skrini inasema kwa furaha, "Hapo sawa, baba. Matumizi mazuri."

Basi, tuendelee.

Fundi alipanda juu anajifuta mikono. Alinong'ona, kwa sababu ya heshima ya skrini.

"Dizeli imekwisha, nahodha."

"Imekwishaje?"

"Kama inavyokwisha. Ilikuwepo, sasa haipo."

"Tukipata galoni moja ya kuazima?"

"Hata ukipata kisima. Injini imefyonza takataka za chini ya tangi, chujio limeziba. Hapa na mawimbi haya siifungui. Tunahitaji kuvutwa."

Kuvutwa na nani? Nilitazama huku, nikatazama kule. Chombo kimoja tu kilionekana, na hata kwa mbali niliitambua ile rangi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini, lakini mimi zizi langu lilikuwa na dume jingine ndani.

Nikashika redio.

"Mwanyumba."

"Naam, mwanyumba! Mbona umesimama? Umepata samaki?"

"Sijapata."

"Unaswali?"

"Dizeli imekwisha."

Kwenye redio nikasikia mtu anacheka akiwa ameziba mdomo, halafu mabaharia wake wote wakicheka bila kuziba chochote.

Lakini alikuja. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli na kwa sababu baadaye mtahitaji kukumbuka. Aliacha wavu wake nusu haujajaa, akageuza, akaturushia kamba nene, akatufunga nyuma yake. Hakuuliza nitamlipa nini.

"Mwanyumba," nikamwita kabla hatujaanza. "Nina ombi."

"Jingine?"

"Mama asijue. Nitakuwa kichekesho mpaka wajukuu. Mtu anaishiwa mafuta kwenye mashindano ya kubana mafuta!"

"Sitasema."

"Apa."

"Nimeshasema sitasema."

"Kula yamini, mwanyumba. Mbele ya mabaharia hawa."

Akainua mkono, akaapa kwamba hatatamka kwa mtu yeyote kwamba alinivuta, iwe leo iwe siku nyingine. Mimi nikapumua. Sikujua kwamba nilikuwa ninajifunga kitanzi na kukaza fundo kwa mikono yangu.

Injini yake ilinguruma njia nzima. Moshi wake ulitupiga usoni. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha nahodha, mikono juu ya usukani kama mtoto anayecheza gari. Kila baada ya kitambo skrini ilinisifu.

"Vizuri sana, baba."

"Asante, mama," nikajibu, kwa mazoea.

Kabla ya mdomo wa bandari mwanyumba alitufungua, akatangulia. Maji yalikuwa yanajaa. Yakatuingiza taratibu, mabaharia wakamalizia kusukuma kwa miti mirefu, tukagusa gati bila hata kutikisa kikombe. Mabaharia wangu nao walikuwa wanaitaka boti mpya, kwa hiyo sikuhitaji kuwaapisha. Waligeuka viziwi na mabubu kwa hiari yao.

Nikashuka nikiwa na mpango wa kwenda nyumbani kulala. Gatini nikakuta vigelegele.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya wachuuzi wa samaki, simu ameinyanyua juu kama anawaonyesha mtoto mchanga.

"Matano!" alipiga kelele. "Majani matano! Na ua juu yake!"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, marahaba, mwanangu! Njoo hapa! Njoo uone ulichofanya!"

Nikatazama simu. Ni kweli. Majani matano mabichi, na ua la manjano ambalo hata mtaalamu baadaye alikiri hakujua kama mtambo unalo. Chini yake pameandikwa kwamba boti yangu imesafiri kutoka baharini mpaka gatini, kwa mwendo mzuri, bila kunywa tone la dizeli.

Sikuwa nimewaza hilo. Naapa sikuwa nimewaza. Nilikuwa ninaficha kuishiwa mafuta. Kumbe mtambo haujui habari ya kamba. Unajua tu kwamba boti imekwenda na mafuta hayakwenda.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Niliufungua, kweli. Kikatoka hiki:

"Alhamdulillahi."

Mwanyumba alikuwa anafunga boti yake. Mama mkwe akamgeukia, uso ukabadilika kama umezimwa taa.

"Na wewe! Unajua umepata nini? Jani moja. La kahawia! Wewe, mwenye manne siku zote! Umechoma dizeli ya safari mbili. Ulikuwa unavuta mlima?"

Wachuuzi wakaangua kicheko.

Mwanyumba akanitazama. Mimi nikatazama ndege aliyekuwa juu ya paa la ghala. Alikuwa ndege wa kawaida tu, lakini nilimtazama kwa makini sana.

"Samahani, mama," mwanyumba akasema.

Iliniuma. Nitawaambia ukweli, iliniuma upande mmoja, na upande mwingine nilikuwa tayari nimevaa kofia ya nahodha wa boti mpya.

Mtaalamu alikuja na kompyuta yake, akanyoosha miwani.

"Nahodha, naomba nielewe. Injini ilikuwa imezimwa?"

"Ilikuwa... imepumzika."

"Na boti ikawa inakwenda."

"Ikawa inakwenda."

"Naona hapa boti ya mwenzako ilikuwa mbele yako njia nzima. Karibu sana. Hamkuachana mpaka mdomo wa bandari."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Basi nani akanifungulia mlango? Mama mkwe mwenyewe.

"Si ndiyo hapo!" akapiga makofi. "Bata na watoto wake! Mmewaona wanavyoogelea? Mkubwa anapasua maji mbele, wadogo wanabebwa na mkondo wake nyuma. Huyu kijana kajificha nyuma ya mwenziwe, maji yakambeba! Akili hiyo!"

"Mama," mtaalamu akasema taratibu, "maji hayabebi boti nzito kiasi hicho."

"Wewe una vyeti, mwanangu, lakini mtambo ni wako. Mtambo wako unadanganya?"

Mtaalamu akatazama kompyuta yake. Aseme mtambo wake unadanganya, mbele ya wateja? Akasema tu, kwa upole wake, "Basi ningependa kuona kwa macho."

"Utaona!" mama mkwe akasema. "Kesho boti mpya inafika. Nitawaita wenye vyombo wote. Mkwe wangu atawaonyesha."

Nyumbani mke wangu alinikuta nimekaa kitandani na viatu. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada amenipigia simu. Analia."

"Analia nini?"

"Mumewe amerudi, hali wala hasemi. Kaambiwa na mama mbele ya watu kwamba hajui kazi. Mtu mzima yule. Kila akimuuliza kulikoni, anasema, 'Muulize shemeji yako.' Haya. Nakuuliza."

"Hakuna kitu."

"Ndugu mume, nimekuzalia watoto. Uso wako ninausoma hata ukigeukia ukutani. Boti imekwendaje bila dizeli?"

Nikamwambia. Nilianza na tangi tupu, nikamalizia na kamba na yamini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifunga mlango, watoto wasisikie.

"Kwa hiyo yeye kakuokoa, na wewe umempokonya boti."

"Sikupokonya. Mtambo ndio—"

"Mtambo umeoa kwetu?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Asubuhi utakwenda kumwambia mama."

"Atanifanya msaidizi!"

"Uwe. Mimi niliolewa na wewe hata boti hukuwa nayo. Bora nipike chai ya msaidizi kuliko kukaa meza moja na dada yangu nikimkwepa macho." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mficha uchi hazai, baba watoto."

Maneno hayo yaliniingia. Nilivua viatu. Nikalala nimeshakata shauri, na kwa mara ya kwanza tangu mtambo ule ufungwe, nililala kama mtoto.

Asubuhi nikafika gatini na maneno yangu nimeyapanga. Nikaiona boti mpya.

Jamani. Ilikuwa imefungwa mwisho wa gati, buluu na nyeupe, rangi bado inanukia. Chumba cha usukani kina vioo pande zote. Betri zake ziko chini kwenye sanduku la kufuli. Staha yake ni pana, mtu anaweza kucheza mpira. Nilisimama nikaitazama, na shauri nililolikata likaanza kujiunga upya lenyewe.

Nikajifinya. Nikaenda.

Mama mkwe alikuwa na wenye vyombo, wamevaa nguo za kutokea. Mtaalamu alikuwa pembeni na kompyuta yake kifuani. Mwanyumba alisimama nyuma kabisa, macho chini.

"Mama," nikasema. "Nina neno."

"Sema, baba. Sema kwa sauti, wakusikie."

"Jana sikubebwa na mkondo. Niliishiwa dizeli. Nilivutwa. Mwanyumba ndiye aliyenivuta kwa kamba, ndiyo maana akachoma mafuta mengi. Majani yale ni yake, si yangu."

Moyo wangu ukawa mwepesi. Nikajisikia mtu safi, nikangoja kutukanwa.

Mama mkwe akanitazama sana. Macho yake yakajaa machozi.

"Mnaona?" akawageukia wenye vyombo. "Mnaona mtoto wa watu? Mwenziwe katahayari jana mbele za watu, na yeye kaona bora ajidhalilishe ili amfichie aibu. Ati kaishiwa dizeli! Nahodha gani anaishiwa dizeli kwenye mashindano ya dizeli? Hata punda hafanyi hivyo."

"Mama, mimi ndiye huyo punda."

Watu wakacheka, wakanipigia makofi.

"Muulize mwenyewe!" nikasema, na hapo ndipo nilipojimaliza. "Mwanyumba yule pale. Muulizeni!"

Mama mkwe akamwita mbele. Mwanyumba akaja polepole, kofia mkononi.

"Mwanangu, sema kweli. Ulimvuta mwenzako?"

Mwanyumba akanitazama. Nikamtikisia kichwa kwa nguvu: sema, ndugu yangu, sema. Kwenye pembe ya mdomo wake nikaona kitu kidogo kinachezacheza.

"Mimi, mama? Hapana. Mwanyumba wangu ana utani sana."

Nikamvuta mkono mpaka nyuma ya mapipa.

"Una wazimu? Mbona umekana?"

"Si ulinilisha yamini? Iwe leo iwe siku nyingine."

"Nakufungua! Nimeshakufungua!"

"Yamini si kamba ya kiatu, mwanyumba, ufunge na kufungua unavyotaka. Nimeitwa mvuta mlima mbele ya wachuuzi. Mke wangu kalia. Nikavumilia, kwa sababu niliapa. Leo kiapo kimekugeukia, unataka nikivunje?" Akanipigapiga begani. "Nenda ukawaonyeshe. Si majani matano?"

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Lakini wasomaji, hebu tuambiane ukweli, punda hapa alikuwa nani?

Tukapanda boti yangu kuukuu. Mama mkwe alikaa kwenye chumba cha usukani, pembeni yangu, kwenye kiti cha plastiki. Mtaalamu akasimama mlangoni. Boti ya mwanyumba ikatangulia mbele, kama siku ile, lakini safari hii bila kamba.

Fundi akapenyeza kichwa. Aliivulia kofia skrini, akasema shikamoo, akamwona mama mkwe wa kweli, akasema shikamoo nyingine. Kisha akaniinamia sikioni.

"Dizeli nimetia, chujio nimesafisha safisha tu, nahodha. Chujio jipya halijafika. Inakwenda, lakini ukiizima, haiwaki."

"Haiwaki kabisa?"

"Labda kwa dua."

Tukatoka gatini. Maji yalikuwa yanajaa, yanatusukuma usoni. Injini ilikuwa inakwaruza lakini inakwenda. Nikafanya hesabu za mtu aliyekata tamaa: nitazunguka mdomo wa bandari, nitasema upepo si mzuri, nitarudi.

"Haya," mama mkwe akasema. "Uko nyuma ya mwenzako. Zima."

"Mama, tungoje kidogo, mkondo haujakaa—"

"Zima, baba. Watu wanatazama."

"Mama, niliyosema pale gatini ni kweli tupu. Naapa kwa—"

"Unyenyekevu ukizidi nao ni kiburi. Kitufe ni hiki chekundu?"

"Mama, usi—"

Akabonyeza.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Ukimya ule niliufahamu. Tulishakutana.

"Hapo sawa, baba," skrini ikasema. "Matumizi mazuri."

Mama mkwe wa kweli akatikisa kichwa kukubaliana na mama mkwe wa skrini. Akakunja mikono, akatazama mbele, akingoja kubebwa.

Boti ikasimama. Ikafikiri. Kisha ikaanza kusogea.

"Inakwenda!" mama mkwe akashangilia. "Inakwenda! Mtaalamu, unaona?"

"Naona, mama," mtaalamu akasema. "Inarudi nyuma."

Nikageuka. Maji yanayojaa yalikuwa yametushika vizuri na yanaturudisha tulikotoka, tena si polepole. Na nyuma yetu, mwisho wa gati, buluu na nyeupe, rangi bado haijakauka, ilikuwa boti mpya. Boti niliyoidanganyia. Tezi yetu, huo mkia wa boti, ya chuma chenye kutu ilikuwa imeielekea katikati kabisa ya ubavu.

"Fundi, washa!"

Chini kukasikika injini ikijikuna, ikikohoa, ikikataa.

"Nanga! Tupeni nanga!"

Baharia mmoja akanijibu kwa adabu zote, kwa sababu ya waliokuwepo.

"Nanga uliiacha nchi kavu, nahodha. Ulisema ina uzito."

Wenye vyombo pale gatini walikuwa wameanza kukimbia, pamoja na nguo zao za kutokea. Mama mkwe akasimama. Kiti cha plastiki kikaanguka. Akatazama nyuma, akaiona boti yake mpya inavyokua kwenye dirisha, akanigeukia, na sasa sauti yake haikuwa ile ya skrini.

"Baba. Jana uliendaje?"

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nilitoka mbio mpaka omoni, mbele kabisa ya boti, nikakinga mikono mdomoni, nikaita kwa pumzi zangu zote. Bandari nzima ilisikia.

"Mwanyumba! Nirushie kamba! Ile kamba ya jana!"

Boti yake ilikuwa imegeuka. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama tezini, na kamba nene ilikuwa mikononi mwake, imeshakunjwa vizuri, tayari kurushwa. Nilimwona akimtazama mama mkwe, aliyekuwa amenifuata na kusimama nyuma yangu. Kisha akanitazama mimi. Akaishusha kamba taratibu nyuma ya mgongo wake.

"Kamba gani, mwanyumba?" akauliza.